Herufi Kumi na Nne Kifuani

Siku yangu ya kwanza Guangzhou nilikabidhiwa mkasi mdogo, futi ya fundi nguo na kiberiti cha gesi. Aliyenikabidhi ni Mzee Haji, Mzanzibari aliyekuwa akiwakagulia mizigo wafanyabiashara wetu tangu wakati ambao wengi wetu hatukujua hata ndege ya China inapitia wapi. "Macho yako yatie mfukoni, mwanangu," aliniambia. "Mwenye kiwanda anajua unachotaka kuona, na hicho ndicho atakachokuwekea juu." Aliyasema hayo huku anakunywa chai, bila haraka, nami nikaitika naam nikidhani ni maneno ya uzee tu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa Kariakoo, sare za shule na mashati ya harusi, na nilijiona najua kila kitu. Asubuhi ile ile tulikwenda kwenye masoko ya viatu kule Liuhua, jirani na stesheni ya treni, kukagua viatu vya shule vya mteja wa Tanga. Nikafungua katoni mbili zilizokuwa karibu na mlango, nikaona ngozi nzuri, nikatia saini. Mzee Haji akaichukua karatasi yangu, akaichana vipande vinne, kisha akavuta katoni ya katikati ya rundo. Viatu vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto. Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo sijawahi kuchukua kitu kilicho karibu na mlango, hata chupa ya maji dukani.

Nyinyi wadogo zangu mnaoifanya kazi hii sasa mnatumiwa picha za kila mshono mkiwa mmelala kitandani. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili simu zetu zilikuwa za kupigia kelele tu. Mteja alikuja, akatoa oda kiwandani, akarudi kwao, na kati yake na hasara akabaki mkaguzi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja katika jengo la Tianxiu, tulichokigawa kwa pazia na wakala wa mizigo ambaye siku nzima alikuwa akigombana na simu. Habari za mshahara na cheo naziruka. Hazina kisa.

Kiberiti kilikuwa cha kuchomea nyuzi. Unachomoa uzi mmoja kwenye nguo, unauwasha, unausikiliza kwa pua. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Polyesta huyeyuka, ikajikunja kijidonge cheusi kigumu. Mzee Haji alinifanya nichome nyuzi wiki tatu mfululizo mpaka wakala wa nyuma ya pazia akadhani tumeanzisha jiko. Alinifundisha pia kuikunjua kila nguo ninayoigusa, hata kama kiwanda kimeikunja kwa ufundi wa ajabu ndani ya mfuko wa nailoni. "Nguo iliyokunjwa ni barua iliyofungwa," alikuwa akisema, na asiyekunjua alimwita tarishi. Miguu ilipomshinda akarudi Unguja, akaniachia meza na birika lake la udhu. Nilimkumbuka sana, na wiki za mwanzo nilijikuta namuuliza mambo kwa sauti chumbani peke yangu.

Mwaka uliofuata ndipo Papa Deo alipoleta ile kazi ya ovaroli.

Papa Deo alikuwa mtu wa Lubumbashi, mfupi, msomi wa shule za mapadri, aliyevaa suti hata kwenye joto linalowafanya Wachina wenyewe wapandishe fulana mpaka kifuani. Alikuwa amepata oda ya ovaroli mia sita kutoka kwenye mtambo mmoja wa kuyeyushia shaba kwao. Aliweka mezani kwangu ovaroli moja ya mfano, ya buluu, iliyovaliwa, na karatasi yenye neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa: SCHUTZKLEIDUNG.

"Mama Mwanaidi, muzungu wa usalama kule ni Mjerumani wa kweli," alisema. "Hii neno inapaswa kuwa hapa, kwa kifua, upande wa kushoto. Kama lettre moja inapotea, anarudisha mzigo yote, commande nzima. Na hii kazi, ni ndugu yangu Selestini njo alinitafutia. Wa mwisho kwa mama yetu. Eye anatumika pale pale kwa moto, anafungua tanuru. Nikiharibisha, ninamuharibisha na eye." Kwa Kiswahili cha kwao njo ni ndiyo, eye ni yeye, na kutumika ni kufanya kazi.

Nikamuuliza neno lenyewe maana yake nini. Akainua mabega. "Marque, nafikiri. Jina ya kampuni." Nami nikaona ni sawa. Kila nguo iliyopita mikononi mwangu ilikuwa na jina la mtu nisiyemjua kifuani.

Tukaenda kwa bosi Luo, mwanamke wa makamo mwenye kiwanda kidogo cha kushona nje ya mji, mtu wa maneno machache. Baada ya siku tano akatutolea sampuli. Nilichomoa uzi kwenye sampuli na mwingine kwenye ile ovaroli ya mfano, nikachoma zote mbili. Zote mbili zilifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: ziliwaka kidogo, zikawa nyeusi, zikazimika zenyewe. Nikajaribu tena, zikazimika tena. Nilijiambia ni pamba nzito ya namna yake. Mzee Haji angeniuliza kwa nini zinazimika. Mimi sikujiuliza, kwa sababu wakati huo huo Papa Deo alikuwa ameinama juu ya kifua cha sampuli na kupiga ukelele.

Lebo ilikuwa imeandikwa SHUTZ. Herufi ya C haikuwepo.

Hapo ndipo tulipoanza kupotea njia, na nawaombeni mlisome hili taratibu. Sisi sote watatu hatukujua Kijerumani hata cha kuombea maji. Neno lina herufi kumi na nne. Sita za kwanza zina irabu moja tu katikati, na ulimi wa Mswahili hauna pa kukanyaga. Washonaji wa bosi Luo walilinakili kama mtu anavyonakili mchoro wa ua. Lebo za pili zilikuja na I imetangulia E. Za tatu, ile G ya mwisho ilikosa mkia ikawa C. Kila mara Papa Deo alishika kichwa, kila mara nilipanda basi la mwendo wa saa mbili kwenda kiwandani na karatasi ile mkononi, nikigusa herufi moja moja kwa ncha ya mkasi: hii, hii, hii. Nilianza kuziona usingizini. Kontena lilikuwa limeshapangiwa meli, na siku zilikuwa zinakatika.

Lebo za nne zilikuwa sahihi. Ovaroli mia sita zikashonwa kwa siku chache, zikakunjwa, zikatiwa kwenye mifuko ya nailoni na vifua vikiwa juu. Nilikwenda kukagua. Nilipita kwenye kila mfuko, mmoja baada ya mwingine, nikasoma kila kifua kupitia nailoni. Mia sita, herufi kumi na nne kila moja. Macho yalinitoka machozi kwa uchovu. Nikaandika kwenye karatasi ya bosi Luo kwamba lebo zimekaguliwa na ziko sawa, nikatia saini.

Sikukunjua hata moja.

Mzigo ukahamishiwa ghala la Xiaobei, kontena lipakiwe kesho yake asubuhi. Papa Deo alinunua soda kwa ofisi nzima, na mpaka wakala wa nyuma ya pazia alipata yake. Nilikuwa namalizia yangu pale mhandisi Kimaro alipoingia kuulizia vipuri vya pampu. Kimaro alikuwa Mchaga aliyesomea mitambo Ujerumani ya Mashariki ujanani, na hakuacha kutukumbusha. Aliona lebo moja ya zile zilizoharibika juu ya meza yangu.

"Bi Mwanaidi, hapa mmekosea. Hii inatakiwa kuwa G."

"Tunajua, kaka. Ndiyo maana iko kwenye takataka."

"Nani anavaa?"

"Wafanyakazi wa tanuru ya shaba, Kongo."

"Basi ni kweli zinawafaa." Akaigeuza lebo kidoleni. "Wajerumani wanaunganisha maneno kama mabehewa. Kleidung ni mavazi. Nguo za kazi za kawaida, za fundi gereji, wanaziita Arbeitskleidung. Hii ya kwenu inaanza na Schutz. Kinga. Ni mavazi ya kujikinga. Nilikuwa nazivaa karakana ya chuma kule. Cheche ikikuangukia hapa, nguo inakuwa nyeusi halafu inazimika yenyewe."

Nilimwomba arudie sentensi ya mwisho. Akarudia. Nikachukua mkasi na kiberiti, nikamwacha Kimaro na vipuri vyake, nikashuka ngazi bila kusubiri lifti.

Ghalani nilipita katoni za mlangoni, nikavuta ya katikati. Nikatoa ovaroli, nikaikunjua kwa mara ya kwanza. Nilijua kabla ya moto. Ilikuwa nyepesi. Rangi ile ile, buluu ile ile, mishono mizuri, lakini kitambaa kiliniteleza mkononi kama bitana. Nikachomoa uzi, nikauwasha. Haukuzimika. Ulikimbia mpaka kwenye kucha yangu, ukaacha kijidonge cheusi.

Nilichukua katoni nyingine, na nyingine. Katoni sita. Vijidonge sita. Mlinzi wa ghala akanifokea kwa sababu ya moto, nami nikamwomba radhi.

Nilimpigia bosi Luo. Kitambaa cha sampuli kilikuwa mabaki ya jora moja, akasema. Sokoni hakikuwepo tena, meiyou, kimekwisha, akanunua cha rangi hiyo hiyo. Mei wenti, hakuna tatizo, rangi ni moja. Nikamwambia ni nguo za watu wa moto. Akaniambia bila ukali: "Hamkuniambia. Mlikuja mara nne kwa ajili ya neno. Wewe ulikagua neno, ukatia saini neno. Neno liko sawa." Hata yeye alidhani ni jina la kampuni.

Papa Deo nilimkuta ofisini kwangu, bado anakunywa soda. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka chupa chini.

"Kontena inafunga kesho," alisema.

"Lisimamishe."

"Mama, sikia. Mjerumani ataangalia kifua. Lettres ziko sawa. Atafurahi. Batu ya kule wako na nguo za zamani, wanachanganya. Nani atajua?"

"Moto utajua, Papa Deo."

"Unasema moto, moto! Umefanya kazi ya kuchoma nyuzi moja moja. Uzi si nguo!" Alikuwa amesimama sasa, ananinyooshea kidole. "Nikichelewa wananifungia mlango, na Selestini njo atafukuzwa kwanza. Unanielewa? Utaniharibishia nyumba yangu kwa sababu ya kiuzi?"

Nikamtupia mezani ovaroli niliyotoka nayo ghalani, na kiberiti pembeni. Nilikuwa na hasira, na nusu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikamwambia kama meli itaondoka na mzigo ule, nitapiga simu kwenye mtambo wao na kutaja jina langu. Akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti vizuri, akapitisha mkono wa kushoto kwenye mkono wa ovaroli mpaka kiganja kikafunikwa. Akachukua kiberiti changu juu ya meza.

"Papa Deo, usifanye."

"Eye Selestini atavaa. Acha mi nivae mbele, wa kwanza."

Akakiwasha chini ya pindo. Nilidhani kuna muda. Haukuwepo. Moto ulipanda kwenye kiwiko kabla sijazunguka meza, na kile kitambaa kikaanza kudondoka matone yanayowaka sakafuni. Alikuwa anavuta mkono, nguo haitoki, imeshika ngozi. Nilinyakua birika la udhu nikammwagia lote, kisha ndoo ya kudekia, na wakala akatokea nyuma ya pazia na blanketi lake la kufungia mizigo. Tulipouchomoa mkono, kwenye kifundo kulikuwa na kipande cha buluu kimegandia, na alipojaribu kukibandua ngozi ikafuata.

Hakulia. Alikaa chini, mkono ndani ya ndoo, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa: "Na kama iko mwili muzima?"

Nililia mimi.

Alisimamisha kontena yeye mwenyewe, kwa simu, huku nesi wa zahanati anamfunga bendeji. Alimpigia Mjerumani pia, akamwambia ukweli, na kutoka upande wangu wa meza nilisikia kelele za yule bwana. Bosi Luo alikubali kutafuta kitambaa halisi na kushona upya, kwa sharti kwamba zile mia sita zisimrudie. Papa Deo akazichukua aende kuziuza sokoni kwao kama nguo za kawaida za kazi. Kwa gereji na bustani hazikuwa na ubaya. Lakini neno lile hazikuwa na haki nalo, na bosi Luo alisema washonaji wake hawafumui.

Tulizifumua sisi. Siku nne, kuanzia asubuhi hadi alasiri, Papa Deo na mimi kwenye sakafu ya ghala, kila mmoja na wembe wake. Alifumua kwa mkono mmoja, nguo ameibana kwa magoti. Lebo tuliyoipigania herufi kwa herufi tukawa tunaikata nyuzi pande zote nne na kuitupa kwenye boksi. Mara moja tu alisema kwamba uandishi ulikuwa mzuri, na tukacheka kicheko kibaya.

Mwisho tulihesabu lebo. Ile iliyoungua tuliiweka pembeni, tukaihesabu nayo. Jumla zilikuwa mia tano na tisini na tisa.

Tukahesabu tena. Tukafungua katoni zote, tukakunjua kila nguo, tukaingiza mikono mifukoni, tukainua mbao za ghala. Nilipiga magoti nikapapasa sakafu nzima kwa viganja. Inawezekana lebo ilifagiliwa. Inawezekana imebaki kifuani, nguo imeteleza ndani ya nyingine. Mwenye ghala akatutoa, chumba kina mteja mwingine. Mzigo ukaondoka. Ovaroli za kweli zilifuata kwa meli ya baadaye, nzito, na hizo nilizikunjua zote mia sita na kuchoma nyuzi mpaka vidole vikawa vyeusi. Selestini alipata yake. Oda nyingine Papa Deo hakupewa tena.

Mimi niliendelea na kazi, lakini sikuwa na amani. Papa Deo alinipigia kila wiki kutoka Lubumbashi. Alikuwa anakaa yeye mwenyewe kwenye kibanda cha soko na suti yake, akimkagua kifua kila mnunuzi kabla hajaondoka. Mia moja zimekwisha, haijaonekana. Mia tatu, haijaonekana. Nilianza kuamini kwamba ilifagiliwa kweli. Kisha katoni mbili ziliuzwa na shemeji yake siku aliyokwenda mazishini.

Simu ilikuja miezi kadhaa baadaye, mchana, nikiwa mtaa wa Yide Lu nakagua madaftari.

"Mama. Nimeiona."

Nikaweka daftari chini. Aliniambia ilikuwa kando ya barabara, kwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana mwenye familia. Cheche zilikuwa zinamrukia kifuani, na yeye ameinama karibu kabisa bila wasiwasi. Papa Deo alisimamisha gari katikati ya njia, akaenda, akamwambia avue, atampa nyingine mpya na juu yake viatu. Fundi akakataa. Akasema hii ndiyo nzuri kuliko zote, tangu aipate amevua hata aproni ya ngozi, haina kazi tena, joto bure.

"Nikamwambia haikingi kitu," Papa Deo alisema. Sauti yake ilikuwa inapotea na kurudi. "Akaniwekea kidole kwa kifua. Akasema, mbona imeandikwa? Anasema mwalimu mmoja alimusomea."

"Ukamjibu nini?"

"Nikapandisha mkono ya koti, nikamuonyesha hii alama yangu. Nikamwambia, baba, ni sisi tuliandika." Akavuta pumzi. "Akavua pale pale kwa barabara, Mama. Akabaki na singlendi. Kwa haraka hakuweza hata kufungua vifungo. Nilimufungulia miye."